Opala ya 1978: bodi ya Opel, injini ya Chevrolet. Je, hilo ni gari halisi?

*"Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Campinas, Brazili, mwaka wa sita huu. Mzee mwenye nyumba ninayopanga anauza Chevrolet Opala ya 1978, milango minne, silinda sita, gia ziko kwenye usukani. Limekaa bandani kwake miaka mingi bila kuwashwa. Nimelipenda, lakini fundi niliyemwita kuliangalia alicheka. Alisema hilo si gari ni mkusanyiko: bodi ya Opel ya Ujerumani, injini ya Chevrolet ya Marekani, na hata bolti zake hazilingani vipimo. Je, ni kweli? Ni gari la thamani au la kuungaunga? Spea nitaagiza Ujerumani au Marekani? Na siku nikirudi nyumbani, naweza kulipakia melini?"*

Ndugu yangu, fundi wako amesema mambo matatu ya kweli, kisha akatoa hukumu isiyotokana nayo. Ni kweli bodi ya Opala imetokana na Opel Rekord C. Ni kweli injini ni ya ukoo wa Chevrolet. Na ni kweli kabisa kwamba bolti zake zina vipimo viwili. Hilo nitalieleza kwa kirefu, maana ndilo litakalokugusa mkononi. Lakini kusema kwamba kwa sababu hiyo si gari, hapo amekosea.

Nikiisoma barua yako vizuri, hofu yako ni kwamba utatoa fedha zako ununue kitu kilichookotwa huku na huku, kisicho na asili wala wenyewe. Wewe ni wa Mombasa, basi kumbuka matatu na mabasi uliyopanda ukienda shule. Mengi chesisi na injini zake ni za Isuzu, zimeunganishwa kiwandani Nairobi; bodi imejengwa na mafundi wa karakana nyingine kabisa, wenye kuchomelea na kukunja mabati. Hakuna abiria aliyewahi kuuliza kama lile ni basi halisi. Watu huuliza kama limeungwa vizuri. Ulize swali hilo hilo kwa Opala.

Lilivyozaliwa ni hivi. Mwaka 1956 serikali ya Rais Juscelino Kubitschek iliunda kamati iliyojulikana kama GEIA, kazi yake kuhakikisha magari yanayouzwa Brazili yanatengenezwa Brazili, si kufungwa tu kutoka kwenye makasha. Kampuni iliyotaka soko hilo ililazimika kuyeyusha chuma huko, kukanda mabati huko, na kununua vipuri kwa viwanda vya huko. General Motors (GM) ilikuwa na kiwanda São Caetano do Sul, pembeni ya jiji la São Paulo, tangu 1930, lakini hata baada ya masharti hayo iliendelea na malori na pikapu. Gari dogo la familia lenye jina la Chevrolet, lililotengenezwa Brazili, halikuwepo. Wakati huo Volkswagen wakivuna.

GM walipoamua kuingia, walikuwa na ghala kubwa la kuchagulia, kwa sababu Chevrolet na Opel ni watoto wa mzazi mmoja. Impala ya Marekani ilikuwa kubwa na mlaji wa mafuta. Kadett ya Ujerumani ilikuwa ndogo mno kwa familia yenye mzigo na safari ndefu. Katikati palikuwa na Rekord C, iliyotoka kiwanda cha Opel cha Rüsselsheim mwaka 1966: saizi nzuri, umbo la kisasa kwa wakati wake, springi za koili mbele na nyuma. Ila Rekord nyingi kule Ulaya zilitembea na injini za lita 1.5 hadi 1.9, na mnunuzi wa Brazili aliyekuwa tayari kulipia Chevrolet alitarajia nguvu ya Chevrolet. Basi wakachukua nyumba ya Mjerumani wakaweka ndani yake injini ya Mmarekani, wakabadili sura ya mbele na nyuma ifanane na Chevrolet za Marekani, wakalionyesha kwenye Maonyesho ya Magari ya São Paulo, Novemba 1968. Kuhusu jina, opala kwa Kireno ni aina ya kito, ingawa watu wengi hupenda kusema ni Opel na Impala zilizounganishwa. Kwa gari hili maelezo yote mawili yanapendeza.

Sasa injini, maana hapa ndipo utaona kwamba hawakuokotaokota. Opala ya kwanza ilikuja na injini mbili: ya silinda nne iliyoitwa 2500 na ya silinda sita iliyoitwa 3800. Piga hesabu. Gawa 3,770, ujazo halisi wa ile 3800 kwa sentimita za ujazo, kwa sita, unapata kama sentimita za ujazo 628 kwa kila silinda. Zidisha 628 kwa nne: 2,512. Si bahati nasibu. Injini ile ya nne ni theluthi mbili ya ile ya sita, kana kwamba mtu amekata msumeno akaondoa silinda mbili. Kipenyo cha silinda ni kile kile, mwendo wa pistoni ni ule ule. Kiwanda kimoja, mashine zile zile za kutoboa, pistoni zile zile, na unapata magari mawili ya bei mbili tofauti. Ukoo huu wa injini ulianzia Marekani mwaka 1962 kwenye Chevy II. Kranki ya ile ya sita inashikwa na beringi kuu saba, yaani kila silinda ina mhimili pande zake zote mbili. Ni injini ya chuma kizito isiyopenda kukimbizwa, lakini inavuta tangu chini, na inasamehe makosa mengi ya mwenye gari.

Ya kwako ya 1978, kama haijabadilishwa, si 3800 tena. Tangu 1971 walirefusha mwendo wa pistoni bila kugusa kipenyo, ikawa 4100. Ile ya silinda nne nayo ilipanuliwa kipenyo na kufupishwa mwendo mwaka 1974, ili izunguke laini zaidi na kupunguza mtikisiko, ikajulikana kwa namba 151, yaani ujazo wake kwa inchi za ujazo.

Opala ilitengenezwa hadi tarehe 16 Aprili 1992, karibu magari milioni moja. Ilikuwa teksi, gari la polisi, gari la wagonjwa, gari la mawaziri. Mashindano ya Stock Car ya Brazili yalipoanza mwaka 1979, magari yote yalikuwa Opala. Na Kubitschek mwenyewe, yule rais aliyesukuma nchi ianze kutengeneza magari, alifia ndani ya Opala katika ajali kwenye barabara kuu iendayo Rio, Agosti 1976. Kila ninapolitaja gari hili hunijia habari hiyo, na sijui Mbrazili wa umri wa mzee wako ambaye haimjii.

Wala Brazili haikuwa peke yake. Afrika Kusini, kiwanda cha GM cha Port Elizabeth kilitoa gari lililoitwa Ranger mwaka huo huo wa 1968, nalo bodi yake ni Rekord C. Walilinadi kama gari la Afrika Kusini lenyewe. Lilidumu miaka michache tu. Opala ilidumu 24. Tofauti, kwa maoni yangu, ni kwamba Brazili waliendelea kulirekebisha: mwaka 1975 wakatoa Caravan ya kubebea mizigo, mwaka 1980 wakabadili sura nzima na kuongeza Diplomata ya kifahari, wakaleta injini ya alkoholi ya miwa. Kila mara kilichoonekana dhaifu kilishughulikiwa. Ndoa iliyotunzwa namna hiyo huwezi kuiita ya kuungaunga.

Turudi kwenye bolti, maana hapo fundi wako hakukudanganya. Bodi ilichorwa Ujerumani, kwa milimita. Injini ilichorwa Marekani, kwa inchi. Kiwandani São Caetano wahandisi walilazimika kuishi na michoro ya lugha mbili kwenye gari moja, na wewe utarithi hilo. Hatari yake ni ndogo kuonekana, kubwa kwa gharama. Kichwa cha bolti cha nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 inakiingia, inalegea kidogo tu, na ukikaza kwa nguvu inakula kona zote sita hadi bolti inakuwa duara kama shilingi. Mbaya zaidi ni nyuzi za ndani. Bolti ya milimita 8 na ile ya inchi tano kwa kumi na sita zinakaribiana unene sana, milimita 8 kwa 7.94, lakini nyuzi zake hazina mpangilio mmoja. Ukiiingiza ya milimita kwenye tundu la inchi, itaingia mizunguko miwili au mitatu, itagoma, na asiye na subira ataongeza nguvu. Hapo ndipo nyuzi za tundu zinapokatika, na tundu hilo liko kwenye injini yenyewe. Nimefungua injini za ukoo huu na kukuta matundu manne yameharibiwa hivyo kwenye kava moja. Gari halikuwa na kosa lolote. Mtu alikuwa na seti moja ya spana na haraka zake.

Kwa hiyo nunua seti mbili, moja ya milimita na moja ya inchi, uziweke kwenye mifuko ya rangi tofauti. Kila bolti ikianza kugoma mkononi, itoe, usiikaze.

Kuhusu spea, jibu langu huenda likakushangaza: usianze na Ujerumani, wala usianze na Marekani. Anza hapo hapo ulipo. Gari lililotengenezwa karibu milioni moja halikosi vipuri kwao. Breki, shokabu, mpira wa milango, gasketi, kioo cha mbele, hata zulia, vyote bado vinatengenezwa au vinapatikana kwa wavunja magari wa São Paulo na miji ya jirani. Ujerumani hutapata mengi ya kukufaa: ile Rekord C ilikoma kutengenezwa mapema miaka ya 1970, waliobaki nazo ni wakusanyaji, na sura ya mbele na ya nyuma ya Opala si ya Rekord kabisa, hivyo taa na grili hazifai.

Marekani ni mlango wa kweli kwa vitu vya ndani ya injini, kwa sababu sita hii ya inchi za ujazo 250, yaani 4100 yako, ilifungwa kwenye Nova, Camaro na pikapu nyingi. Hata hivyo kuna mitego miwili. Kwanza, kuanzia 1975 Wamarekani walitoa silinda hedi ya 250 ambayo njia za kuingizia hewa zimeumbwa pamoja nayo, kitu kimoja. Hiyo ukiinunua haitakubali manifoldi yako. Pili, na hili ni la wenye silinda nne, usidanganywe na namba 151. Pontiac, jina jingine la GM huko Marekani, nao walikuwa na injini ya namba hiyo, kipenyo kile kile na mwendo ule ule, lakini ni injini nyingine. Namba inafanana, vyuma havifanani.

Hadi hapa nimezungumzia ndoa ya kiwandani, ambayo sina wasiwasi nayo. Ninachotaka ukiogope ni ndoa za gerejini. Kwa sababu injini ya nne na ya sita zinakaa kwenye bodi ile ile, na kwa sababu silinda sita ndiyo inayotamaniwa, Opala nyingi zilizozaliwa na nne zimewekewa sita baadaye. Waliofanya kwa uangalifu wapo. Lakini sita ni ndefu na nzito zaidi puani, na kiwandani gari la sita halikupewa injini peke yake: springi za mbele, radieta na mengineyo vilipangwa kwa uzito na joto lile. Aliyebadili injini tu akaacha vingine amekupa gari linaloinamisha kichwa, linalochemka kwenye foleni na kuchelewa kusimama. Na kuna upande wa sheria: injini iliyobadilishwa bila kuandikwa kwenye hati za Detran, idara ya usajili wa magari, ni tatizo utakalolirithi wewe, mgeni, mwenye jina jipya kwenye karatasi. Na kama siku moja utataka bamba jeusi la magari ya kihistoria, ambalo hutolewa kwa gari la miaka 30 na zaidi lililobaki katika uhalisi wake, injini ngeni itakuharibia ombi.

Basi kabla ya kutaja bei, lipa ukaguzi wa kununulia gari, wanaouita vistoria cautelar. Walinganishe namba ya chesisi, namba ya injini na hati. Hilo siwezi kukufanyia kutoka huku, wala usiridhike na neno la mzee hata kama ni mtu mwema. Huenda yeye mwenyewe alilinunua likiwa tayari limebadilishwa.

Kinachoua Opala zaidi ya injini ni kutu. Gari hili halina chesisi ya kujitegemea kama pikapu. Mbele kuna fremu ndogo iliyofungwa kwa bolti, lakini kwingine kote bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Sakafu ikioza, gari limeoza. Inua mazulia. Toa tairi la akiba uangalie chini yake. Bonyeza kwa kidole kuzunguka kioo cha nyuma na chini ya kioo cha mbele. Kama paa lina ngozi ya vinili, kuwa na shaka mara mbili, maana vinili hutunza maji chini yake bila kuonyesha. Chukua sumaku ndogo ya mlango wa friji uipitishe kwenye bodi. Isiposhika, pale kuna pati, si bati. Ukikuta matundu kwenye sakafu au kwenye mihimili ya pembeni, hapo hitaji lako si barua yangu, ni mchomeleaji mzuri wa bodi alione kwa macho akiwa ameliinua juu. Akisema mihimili imeliwa, liache, hata ukiletewa kwa bei ya baiskeli.

Injini haijawashwa miaka mingi. Tafadhali, usikubali mtu aje na betri siku ya kwanza kulijaribu. Toa plagi zote sita, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, subiri siku moja au mbili, kisha zungusha kranki kwa mkono. Ikizunguka yote bila kukwama, mwambie fundi apime kompresheni. Mwaga mafuta ya zamani yote na usafishe tangi. Petroli ya Brazili ina alkoholi zaidi ya robo, na mipira na mabomba ya mafuta ya mwaka 1978 hayakutengenezwa kwa kiwango hicho. Badilisha yote kwa yale yanayostahimili alkoholi, na kabureta ifunguliwe. Paipu za breki za mpira badilisha bila kujadili.

Na uliza jambo moja ambalo wauzaji hulisahau: gia ya kamshafti. Sita hii haina cheni wala mkanda wa taimingi, kranki inazungusha kamshafti kwa gia mbili zinazogusana. Kiwandani ile ya kamshafti iliwekwa ya fiba ili injini iwe kimya. Fiba huzeeka. Meno yake yakikatika gari linazima hapo hapo, mara nyingi barabara kuu, mbali na nyumbani. Kuna za alumini zinazouzwa huko, zina mlio kidogo, lakini mimi ningeweka hiyo na kulala usingizi.

Je, ununue? Kama unataka gari la kwenda nalo kazini kila siku, hapana. Sita hii mjini itakupa kama kilomita 5 hadi 7 kwa lita, na mwaka wa kwanza itataka fedha kila mwezi. Kama una gari jingine, una mahali pakavu pa kulilaza, na ukaguzi ukaonyesha sakafu nzima na namba zinazolingana, basi ningelinunua hata kama injini imekufa. Injini hii hufufuka kirahisi. Bodi ndiyo isiyofufuka. Kama ni bodi nzuri yenye sita ya kubadilishiwa, inategemea hati: zikiwa safi, ni gari zuri la kufurahia kwa bei ndogo kuliko lenye asili yake, zisipokuwa safi, liache.

Kuhusu Mombasa nasikitika kukujibu ukweli. Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida, na magari yaliyotumika yanayoingizwa yana ukomo wa miaka minane. Opala zote za Brazili zina usukani wa kushoto. Usilinunue kwa ndoto ya kulishusha Kilindini. Kabla ya kulipa hata senti ya meli, apatikane wakala wa forodha mwenye kibali aulize KRA (mamlaka ya kodi) na KEBS (shirika la viwango) kwa maandishi. Mimi ningelipenda hapo lilipo, kisha siku ya kuondoka nimuuzie kijana wa Campinas atakayelitunza.

Jumamosi ukienda kwa mzee, nenda asubuhi kwenye mwanga. Beba sumaku, tochi na spana ya nusu inchi. Anza kwa kuinua zulia la upande wa dereva.